Kaka yangu wa Kanada anataka kunitumia fanesi ya gesi ya asilimia 96. Nyumba iko Iyumbu, Dodoma. Nifunge au niachane nayo?

Kipupwe_Iyumbu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Namalizia nyumba huku Iyumbu, vyumba vinne na sebule, nipo hatua ya lipu ya ndani na kuvuta waya. Bi mkubwa anahamia kwangu kutoka Tanga. Umri umeenda, magoti yanamsumbua, na kifua chake na baridi haviivi chungu kimoja. Mnaoishi Dom mnaijua Juni hadi Agosti: mchana jua la kutosha, alfajiri upepo unapenya hadi tundu la kitasa.

Sasa kaka yangu yuko Edmonton. Anabadilisha mfumo wa kupasha nyumba joto, anafunga fanesi mpya ya gesi (mashine inayochoma gesi na kupuliza hewa ya moto nyumba nzima), ile aina inayotonesha mvuke wa moshi ukawa maji. Anasema ni asilimia 96, yaani gesi ya shilingi 100 inapotea shilingi 4 tu. Kuna kontena la ndugu linakuja, anataka anipakilie na mimi moja. Kanitumia picha: kabati la bati linalonifika kifuani, mabomba mawili meupe ya plastiki yanatokea ukutani, na kibomba chembamba kinachodondosha maji kwenye tundu la sakafuni.

Naomba wajuzi mnisaidie. Inafungika huku kwetu? Gesi ya mtungi itaiweza? Na maji ya moto ya kuogea ya bi mkubwa nayo nataka niyamalize humo humo kama inawezekana. Ukuta bado haujapakwa rangi, kwa hiyo kama kuna bomba la kupitisha ni sasa.

Mchokozi_wa_Bahi

Mbukwenyi! Na joto lote hili la Oktoba mtu bado anataka kuongeza? Ngoja nivute kiti.

MamaNeema_Kisasa

Mchokozi, wewe una damu ya ujana. Mtu wa pwani umlete Dodoma mwezi wa saba uone atakavyolala na soksi. Mwenye uzi ana hoja, mjibuni.

Mhandisi_Ilazo

Kipupwe, mfikishie bi mkubwa shikamoo yangu. Mifumo ya joto na ubaridi majengoni ndiyo kazi iliyonilea, kwa hiyo acha nianze na mashine yenyewe, maana ni mashine nzuri na haistahili kuchekwa.

Gesi ikiungua inatoa joto, hewa ya ukaa na maji. Maji hayo hatuyaoni kwa sababu yanatoka yakiwa mvuke. Fanesi ya zamani inavuna joto kwa radieta moja ya chuma, halafu moshi unapanda dohani ukiwa bado una nyuzi zaidi ya 150, na mvuke umo humo humo, unaondoka na joto lake. Ndiyo maana zile za kawaida ziligotea kwenye asilimia 80 hivi. Hii ya kisasa ina radieta ya pili, ya chuma kisichoshika kutu. Moshi unapita ndani yake huku feni ikipuliza hewa ya nyumbani kwa nje. Ukipoa chini ya nyuzi 55 au pungufu kidogo, mvuke unageuka matone, na katika kugeuka unaachia joto lililokuwa limefichwa ndani yake. Moshi unaobaki ni wa vuguvugu, nyuzi 40 na kitu, ndiyo maana unatolewa kwa bomba la plastiki. Bomba la pili uliloliona kwenye picha linavuta hewa ya kuchomea kutoka nje, ili moto usigombanie hewa na watu waliolala. Kile kibomba chembamba ni cha matone. Maji yake yana asidi, pH 3 au 4 hivi, ukiyamwaga kwenye saruji miaka ikienda yanaila. Wenzetu huyapitisha kwanza kwenye chombo chenye vipande vya mawe ya chokaa.

Kanada walifika mahali pa kuweka sheria: tangu Julai 2019 fanesi mpya ya gesi ya nyumbani lazima ifike asilimia 95. Uingereza boila za namna hiyo zimelazimishwa tangu 2005. Huko wana haki. Joto linawaka nusu mwaka na zaidi, nje kuna nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, kila asilimia moja ni hela inayoonekana.

Sasa njoo Dodoma. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Alfajiri ya Julai inashuka nyuzi 13 au 14, mchana inarudi 26. Tatizo la bi mkubwa ni la saa chache, chumba kimoja, wiki kadhaa za mwaka. Umeandaliwa trekta kwa ajili ya bustani ya mchicha.

Halafu gesi. Ya Edmonton ni methani, inafika kwa bomba la mtaani. Sisi gesi asilia tunayo, ya Songo Songo na Mnazi Bay, lakini majumbani imefika baadhi ya nyumba za Dar, Lindi na Mtwara. Dodoma tunatumia ya mtungi, yaani propani na butani. Fanesi ya methani haiwashwi kwa gesi ya mtungi mpaka ibadilishwe nozeli na mipangilio ya valvu, kwa seti ya kiwanda hicho hicho kilichoitengeneza. Mtu akikuambia "weka tu regileta itawaka", ni kweli itawaka, moto mkubwa kupita kiasi, masizi, na sumu nitakayomwachia mwingine aieleze.

Na kuna jambo wauzaji hawalitaji. Kilo ya methani ikiungua inatoa maji kilo 2 na robo. Kilo ya propani inatoa kilo 1.6 tu. Joto lililojificha kwenye mvuke ni kama asilimia 10 ya joto lote kwa methani, kwa propani ni kama 8. Kwa hiyo hata faida ya kutonesha yenyewe inapungua ukiwa mtu wa mtungi.

Kipupwe_Iyumbu

Mzee wangu asante sana. Darasa hili ningelilipia. Ila bro anasema anaweza kupata hiyo seti ya kubadilisha. Tukishabadilisha?

Mhandisi_Ilazo

Tukishabadilisha tunakutana na umeme. Feni na bodi za fanesi ya Kanada ni volti 120, hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Sisi volti 230, hezi 50. Transfoma itashusha volti, hezi itaziacha kama ilivyozikuta. Na umeme ukikatika, fanesi inazima hata mtungi ukiwa umejaa, kwa sababu bila feni hairuhusiwi kuwaka.

Kisha hewa yake ya moto inapita wapi? Nyumba ya Kanada imejengwa na mifereji ya bati chini ya sakafu na ndani ya kuta. Yako ina tofali za saruji na dari ya jipsamu. Utapitisha mifereji juu ya dari, chini ya bati lisilo na kizuizi chochote cha joto, usiku wa Dodoma usio na wingu. Utakuwa unapasha popo.

Hesabu sasa. Chukua fanesi ya BTU 60,000 (kipimo cha joto inalotumia kwa saa), ya kawaida kabisa kwa nyumba. Hizo ni kilowati 17.6. Kilo ya gesi ya mtungi ina kilowati-saa 13.8 hivi. Gawanya: kilo 1.27 kwa saa moto ukiwa umewaka mfululizo. Mtungi wa kilo 15 unakata kabla saa 12 hazijatimia. Tuseme unaununua shilingi 60,000 (weka bei ya dukani kwako), ni shilingi elfu tano kwa saa. Na mtungi mmoja wa kilo 15 hautaweza kutoa gesi kwa kasi hiyo muda mrefu. Mtungi utatoka jasho, utashika barafu kiunoni, presha itashuka, moto utayumba. Utahitaji mitungi ya kilo 38 iliyounganishwa.

Mchokozi_wa_Bahi

"Utakuwa unapasha popo." Nimeishiwa maneno.

Mwana_Makete

Nyie wa Dodoma mnaongelea baridi ya kuvaa sweta. Kwetu Makete kuna asubuhi unakuta umande umeganda mweupe kwenye viazi. Na hatuna fanesi. Jioni jiko la mkaa linaingizwa ndani, familia inazunguka, maisha yanaendelea. Mnunulie mama jiko zuri la mkaa, mengine ni kujitesa.

Muuguzi_wa_Zamu

Kaka wa Makete, naomba nikukatize hapo kwa heshima zote.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni moja ya vitu vinavyoua watu wakiwa usingizini. Mkaa ukiungua kwa hewa haba unatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikwarui koo. Damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Gesi ya mtungi ikivuja utainusa kwa sababu imetiwa harufu kiwandani. Hii huinusi.

Dalili zake zinafanana na malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kuchanganyikiwa. Dokezo ni hili: mnaumwa nyumba nzima kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Ukikuta mtu hivyo usianze kumpikia uji. Mtoe nje penye hewa, fungua madirisha, mpeleke hospitali apewe oksijeni, na useme wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Wasipoambiwa, kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri tu, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii.

Kwa mama mwenye kifua dhaifu hata kiasi kidogo kinamuumiza mapema kuliko ninyi wengine. Kwa hiyo Kipupwe, chochote utakachoamua kinachowaka moto, iwe gesi, mkaa au kuni, swali la kwanza ni moshi unatokea wapi.

Mwana_Makete

Dada nimekuelewa. Hilo la kipimo cha kidoleni nilikuwa silijui. Naliweka kwenye grupu la familia sasa hivi.

FundiBomba_Chang'ombe

Kaka mwenye uzi, nijibu upande wa maji ya moto maana ndio mkate wangu.

Watu wengi mjini sasa wanataka hita ya gesi ya papo kwa papo. Ni boksi dogo la ukutani, betri mbili kubwa, ukifungua bomba unasikia tik-tik-tik moto unashika wenyewe, ukifunga unazima. Kifaa kizuri. Shida ni pale tunapoitwa baada ya kuwa kimeshafungwa. Niliitiwa nyumba moja wakilalamika hita "inatoa maji ya moto halafu inachosha". Naingia bafuni: boksi liko ndani, juu ya sinki, bomba la moshi halikufungwa kabisa, bado liko kwenye karatasi lake stoo. Dirisha la alumini limefungwa kwa sababu ya baridi. Kioo kinatiririka maji, na ukuta juu ya boksi umeshapata weusi wa ukubwa wa sahani. Nikafungua maji nitazame moto: ncha zake za njano zinacheza. Moto wa gesi ulio salama ni wa bluu, umetulia. Nilifunga valvu pale pale, nikamwambia mwenye nyumba kwamba anayechosha watu ni moshi.

Mimi naifunga nje ya bafu, ukutani upande wa nyuma, chini ya kipaa ili mvua isiipige, mbali na dirisha lolote la chumba cha kulala. Wateja wengine wanabisha kwamba itaibiwa. Tengeneza kizimba cha nondo chenye matundu makubwa. Ukiweka boksi la bati lililofunga pande zote unarudi kule kule.

Mtungi nao nje, umesimama wima, juu ya zege, si kwenye shimo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujaa kwenye mifereji na mashimo. Mimi sikubali mtungi uwe chini ya mita moja na nusu kutoka tundu la maji machafu au mlango. Maungio yote tunapima kwa povu la sabuni. Fundi anayepima kwa kibiriti mpe nauli aende.

Na presha. Simtanki yako iko mnara wa mita ngapi? Kila mita 10 ni kama bari moja. Mnara wa mita tatu unakupa bari 0.3, na hita nyingi zinaanza kukataa kuwaka chini ya hapo au zinawaka na kuzima katikati ya sabuni. Weka pampu ndogo ya kuongeza presha, au nyanyua mnara sasa kabla hujapiga rangi.

Kipupwe_Iyumbu

Mnara ni wa mita tatu kama ulivyosema, umenionea wapi fundi? Na je, hita hizo zina aina ya kutonesha mvuke kama fanesi? Kama zipo si nichukue hiyo ya asilimia 95 ili nisiliwe gesi?

FundiBomba_Chang'ombe

Zipo, mimi sijawahi kuifunga hapa Dom. Mhandisi aje kwenye hesabu. Mimi nitasema moja tu: maji yetu. Visima vya Mzakwe vinatupa maji yenye chumvi na chokaa, kila mtu anaona birika lake. Chokaa hiyo inaganda ndani ya radieta ya hita, njia inaziba, hita inaanza kupiga kelele. Kila baada ya muda inabidi kuizungushia siki au asidi ya ndimu. Kifaa chenye radieta mbili badala ya moja, mimi fundi nafurahi, maana utaniita mara nyingi.

Mhandisi_Ilazo

Umelenga fundi. Hesabu ni hii. Mtu anaoga lita 40, unayatoa maji nyuzi 20 kwenda 40. Joto linalohitajika ni kilowati-saa 0.93. Hita ya kawaida ya asilimia 80 inakula gramu 84 za gesi, ya kutonesha inakula kama 72. Umeokoa gramu 12. Kwa bei ile ya mfano, kilo shilingi 4,000, hazifiki shilingi 50 kwa mtu anayeoga. Watu watano kila siku, ni kama elfu 87 kwa mwaka. Tofauti ya bei ya kifaa, bomba la matone, na fundi kuja kusafisha radieta mbili itazimeza zote.

Ila mwenye hosteli ya wanafunzi 100 kule Ng'ong'ona, hesabu ile ile inampa shilingi 1,750,000 kwa mwaka. Huyo nikimkuta anafunga ya kawaida nitamuuliza kulikoni.

Lodge_AreaD

Mzee Mhandisi umenigusa. Nina vyumba 22 na shawa za umeme kila chumba. Asubuhi wageni wa semina wanaoga kwa mpigo, sakiti breka inaruka, mtu ana shampuu kichwani ananipigia simu. Nifanyeje? Gesi au jua?

Mhandisi_Ilazo

Shawa moja ya umeme inavuta kilowati nne, tano. Zidisha kwa wageni kumi wanaoga pamoja, ndiyo maana breka inaruka. Kwa lodge ningeanza na jua, Dodoma jua si la kuomba. Weka tangi kubwa lililozibwa joto vizuri, jua lipashe mchana, hita ya gesi ikae nyuma yake kumalizia asubuhi au siku ya wingu. Kwa chokaa yetu chukua mfumo wa mzunguko uliofungwa, ambapo maji yanayopanda juani hayachanganyiki na ya kuoga. Zile za mirija ya vioo ambazo maji ya kuoga yanaingia moja kwa moja kwenye mirija, hapa zinajaa mawe.

Mengine fungua uzi wako, hapa tutamsahau bi mkubwa.

MamaNeema_Kisasa

Kwa kweli. Mama wa watu bado anatetemeka na ninyi mmeshafika hosteli.

Baridi_na_Joto_Majengo

Nimesoma wote, nimeshangaa hakuna aliyetaja kiyoyozi. Nafunga AC hapa mjini. Watu wanadhani AC ni ya Oktoba peke yake. Zipo zinazogeuza mzunguko: kiangazi zinachota joto la chumbani zinalitupa nje, kipupwe zinachota joto la nje zinaliingiza ndani. Hata hewa ya nyuzi 13 ina joto la kuchota, na kwa hali ya hewa ya hapa mashine inafanya kazi kwa raha kabisa. Umeme uniti moja unapata joto la uniti tatu au zaidi, kwa sababu haitengenezi joto, inalihamisha.

Angalizo: nyingi zinazouzwa huku ni za kupoza tu. Dukani shika rimoti kabla hujashika pochi. Kama hakuna alama ya jua kwenye hali zake, au karatasi ya nyuma haina kilowati za kupasha pembeni ya za kupoza, hiyo si yenyewe. Chumba cha mama cha mita nne kwa nne, BTU 9,000 ya inverta inamtosha misimu yote miwili. Usiielekeze kitandani.

Mhandisi_Ilazo

Huyu ndiye amejibu swali. Nilikuwa nazunguka kufika hapo, amenipita kwa njia ya mkato.

Linganisheni: joto la kilowati-saa moja kwa fanesi ya asilimia 95 na gesi ya mtungi ni kama shilingi 305 kwa bei yetu ya mfano. Kwa AC hiyo, ukichukulia uniti ya LUKU kama shilingi 350, ni kama 117. Na hakuna moshi chumbani kwa mgonjwa wa kifua. Ile asilimia 96 ya Edmonton ni kubwa kwa kifaa kinachochoma kitu. Kifaa kisichochoma kimetoka kwenye mashindano hayo kabisa.

Mwana_Makete

Umeme ukikatika saa kumi alfajiri?

Baridi_na_Joto_Majengo

Blanketi, kaka. Na fanesi nayo ingezima, imeshaelezwa juu huko.

Mwana_Makete

Haya, mmenishinda Dodoma. Makete tutaonana.

Fundi_Ujenzi_Nzuguni

Kabla ya mashine yoyote, ziba nyumba. Hizo nyumba zetu mpya za madirisha ya kusukuma ya alumini, brashi za pembeni zikikatwa vibaya upepo unapita kama hakuna kioo. Mwambie fundi alumini azirudie mbele yako, ukiwa umeshika karatasi: ikiwekwa pembeni ya fremu upepo ukivuma ikicheza, hajamaliza. Chini ya mlango weka mpira. Pazia zito lishuke hadi sakafuni. Juu ya dari tandika foili ya kuakisi joto kabla ya kufunga jipsamu, itakusaidia Julai na itakusaidia zaidi Oktoba.

Na kama ramani inaruhusu mpe mama chumba cha magharibi. Ukuta wa tofali ukipigwa na jua la jioni unaurudisha ule moto ndani hadi usiku wa manane.

MamaNeema_Kisasa

Chumba cha magharibi mwezi wa kumi? Unataka kumpika? Mimi ninacho, nakijua. Mpe cha kaskazini. Msimu wa kipupwe jua linapita upande huo, kwa hiyo kinapata joto mchana kutwa, na kuanzia katikati ya Oktoba jua linahamia kusini, kinapumzika.

Fundi_Ujenzi_Nzuguni

Mama umesema kweli kuhusu kaskazini. Kama kipo hicho, basi hicho.

Kipupwe_Iyumbu

Wakuu nimefika mahali. Chumba cha kaskazini kipo, nilikuwa nimekitenga kiwe ofisi, ofisi itahama. AC ya pande mbili BTU 9,000 humo, waya wake unavutwa wiki hii. Foili juu ya dari. Mnara wa simtanki nanyanyua. Hita ya gesi ya kawaida, nje, upande wa nyuma karibu na bafu la mama, na fundi wa Chang'ombe nimekufuata inbox. Nimemwambia bro fanesi asiipakie. Kanuna kidogo, halafu akaniuliza basi nafasi yake kwenye kontena aweke nini.

Mchokozi_wa_Bahi

Aweke theluji tuione.

Muuguzi_wa_Zamu

Mwambie alete vigunduzi vya monoksidi ya kaboni, viwili, vinavyotumia betri ili umeme wa huku usisumbue. Huko majumbani ni kitu cha kawaida. Aangalie mgongoni tarehe ya kwisha muda, vingi vinadumu miaka saba hadi kumi na kikizeeka hakiaminiki hata kama taa inawaka. Kimoja ukutani chumbani kwa mama, usawa wa kichwa akiwa amelala, kingine korido inayoelekea jikoni. Usiweke bafuni, mvuke unakiharibu.

Kipupwe_Iyumbu

Kwani si hita itakuwa nje na AC haina moshi?

Muuguzi_wa_Zamu

Na umeme ukikatika Julai, mama akamwomba dada wa kazi amwingizie jiko la mkaa "dakika tano tu", wewe uko kazini?

Kipupwe_Iyumbu

Vitatu basi. Nampigia sasa hivi kabla hawajafunga kontena.